Imani ya Mtoto Mdogo Huanzia Mikononi

Darasa la awali la shule ya serikali nchini Tanzania humpokea mtoto akiwa na miaka mitano, akalisoma mwaka mmoja kabla ya kuingia la kwanza, na tangu 2016 halina ada. Kabla ya umri huo mzazi anajitegemea. Mtoto wa miaka mitatu au minne wa Chamazi, Toangoma, Bunju au Mabwepande, jijini Dar es Salaam, ama analipiwa chekechea ya mtu binafsi, ama anashinda nyumbani na bibi, na dada wa kazi, au na mama anayekaanga maandazi kibarazani huku akimtupia jicho. Ndipo wazazi wanapouliza maswali mawili kwa pamoja: ataanza lini kujifunza, na dini yake ataipata wapi? Ustadhi wa chuo cha Qur'ani cha mtaani anataka mtoto anayeweza kukaa akatulia. Shule ya Jumapili ni saa moja kwa wiki, watoto wengi na mwalimu mmoja wa kujitolea.

Maswali hayo mawili yana jibu moja. Mtoto wa umri huu anaijua dini kwa njia ileile anayojifunzia kuhesabu na kusema: anashika, anacheza, anaiga watu anaowapenda. Na nyumba yenye watu wanaosali tayari ina ratiba yake. Kuna adhana ya alfajiri, kuna sala kabla ya kula, kuna Ijumaa na Jumapili, kuna Ramadhani, Kwaresma, Maulidi na Krismasi. Mzazi hahitaji kubuni mtaala mwingine wala kununua vitabu vya rangi. Aitundike michezo ya mtoto kwenye ratiba hiyo iliyopo, na kila mchezo uwe na kitu cha kushika.

Najua wapo wazee wasioafiki. Kwao mchezo na ibada havikai kikao kimoja, na mtoto anayecheka karibu na mswala anaonekana hana adabu. Ningewaomba warudi kwenye vitabu vyenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea Hadithi za Bi Aisha akieleza jinsi alivyokuwa akichezea wanasesere nyumbani kwa Mtume, na wenzake wakija kucheza naye. Abu Daud amepokea ile ya farasi aliyetengenezewa mabawa ya vitambaa: Mtume alipouliza farasi gani huyo ana mabawa, Bi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka kwa furaha. Angalia kilichomo: vipande vya kitambaa, ubunifu wa msichana mdogo, kisa cha Nabii, na mtu mzima anayekaa kumsikiliza. Kwa upande wa Biblia, nabii Zakaria anapoieleza Yerusalemu iliyorudishiwa amani, anawataja wazee wenye mikongojo yao, kisha njia za mji zilizojaa wavulana na wasichana wanaocheza. Kwake hiyo ni dalili kwamba Mungu yupo mjini.

Pwani yetu imekwisha kulifanyia kazi jambo hili. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walikuwa na kilio: watoto wanasoma chuo, lakini wakifika shule wanaachwa nyuma. Waliomba msaada wa Aga Khan Foundation, na mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, akawa mstari wa mbele kuanzisha madarasa ya awali yaliyounganisha Qur'ani, lugha, hesabu na mchezo. Mpango huo ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa 2008, uliofuatilia watoto wa nchi hizo, ulionyesha kwamba waliosoma katika madrasa hizo walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wenzao wa shule nyingine za awali. Nao hawakuwa na vifaa vya kuagiza ng'ambo. Walitumia vifuu vya nazi, makopo, vitambaa, kokoto, na mama zao wakakaa chini kuvitengeneza.

Kuna kanuni moja ya madarasa yale ambayo mzazi anaweza kuihamishia nyumbani leo hii. Kabla ya mchezo, mtoto anaulizwa anataka kufanya nini. Kisha anaachwa afanye. Mwisho anaulizwa amefanya nini. Ni maswali mawili tu, lakini ndiyo yanayomfanya mtoto apange, atende na akumbuke, na ndiyo yanayompa maneno. Watu wazima tuna haraka ya kusahihisha. Mtoto akisema ametengeneza msikiti na wewe unaona bonge la udongo, muulize mlango uko wapi.

Sasa tuingie kazini. Nitaanza na shanga za karatasi, kwa sababu ndiyo kazi ya mikono ninayoipenda kuliko zote na haigharimu kitu.

Chukua kalenda ya mwaka uliopita, ile ya karatasi nzito inayong'aa. Mtu mzima akate pembetatu nyembamba ndefu, kitako chake upana wa kidole gumba na urefu wake kama shibiri. Gundi ipikwe jikoni: kijiko kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo kwenye nusu kikombe cha maji, koroga kwenye moto mdogo mpaka iwe nzito, iache ipoe kabisa. Chomoa njiti moja kwenye ufagio wa chelewa, ioshe. Mtoto anaweka kile kitako juu ya njiti, anapaka gundi kwa kidole, anaviringisha taratibu mpaka ncha iishie katikati. Shanga inatoka ikiwa imenenepa tumboni. Ichomoe, iweke kwenye ungo juani. Mtoto wa miaka mitatu atatoa shanga zilizolegea na zenye mikunjo, ziache hivyohivyo. Wa miaka mitano ataanza kuchagua rangi mwenyewe.

Kutunga ni kazi ya siku ya pili. Usimpe sindano. Mpe kamba ya kiatu, ambayo ncha yake ni ngumu na inapita tunduni bila kukunjika, au uzi uliochovywa ncha kwenye nta ya mshumaa. Familia ya Kikatoliki itunge shanga kumi, maana rozari ina makumi matano na mtoto huyu moja linamtosha. Familia ya Kiislamu itunge kumi na moja. Tasbihi baada ya swala ni thelathini na tatu, na kamba hiyo ikizungushwa mara tatu hesabu inatimia. Walokole, Walutheri na Waanglikana, ambao wengi wao hawatumii rozari, wanaweza kuipa kila shanga mtu wa kuombewa: bibi wa Singida, baba aliyeko kazini, jirani anayeumwa, mwalimu wa Shule ya Jumapili. Mtoto anapitisha shanga kidoleni, anataja jina, anahamia nyingine.

Usione mchezo huo ni mdogo. Watoto wengi wa mjini wanakariri moja mpaka ishirini kama wimbo, lakini ukimwambia mmoja akuletee vijiko sita anakuletea alivyoweza kubeba. Anapogusa shanga moja kwa neno moja ndipo namba inapopata maana. Vidole viwili vinavyobana ncha ya kamba ndivyo vitakavyoshika penseli mwakani. Na ule utulivu wa kumaliza kamba moja, akiwa ameketi karibu na mama yake anayesali, hakuna darasa litakalompa.

Udhu ni mchezo mwingine uliokamilika wenyewe. Hadithi inayojulikana sana inataka mtoto aanze kuamrishwa swala akiwa na miaka saba, kwa hiyo wa miaka minne hadaiwi chochote, anacheza tu. Mpe kopo lake dogo la maji na kigoda, akae pembeni yako. Viganja, kinywa, pua, uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa, masikio, miguu. Humo kuna mpangilio wa kipi kinatangulia kipi, kuna mara tatu, kuna kulia kabla ya kushoto, kuna majina ya viungo vya mwili, na kuna usafi wa mikono katika mitaa ambayo kipindupindu kimewahi kupita. Siku ambayo maji ya bomba ya DAWASA hayajatoka, mchezo ule unachezwa kwa kokoto: mtoto anapanga kokoto moja kwa kila kiungo, kwa mfuatano, na wewe unavuruga mbili ili azirudishe mahali pake.

Herufi nazo zisiharakishwe, ila ziwepo. Tandaza mchanga mkavu kwenye sinia, mwoneshe alif kwa kidole chako, au herufi ya kwanza ya jina lake. Anaifuata, anatikisa sinia, inafutika, anaanza upya. Mchanga haumtunzii kosa, na ndiyo maana anathubutu. Daftari na penseli vitamngoja.

Halafu kuna visa vya manabii. Hapa nina neno kwa wazazi wa nyumba za kupanga, ambako vyumba sita vinatazama uwanja mmoja, Juma na Yohana wanaoga kwenye beseni moja, na mtoto hawezi kufungiwa ndani ajifunze dini peke yake. Chagueni visa ambavyo imani zote mbili zinavijua: Nuhu na safina, Ibrahimu, Yusufu na kaka zake, Musa aliyewekwa mtoni ndani ya kikapu, Daudi, Yona katika tumbo la samaki. Watoto wa uwanja mzima wanaweza kujenga safina moja kwa boksi la televisheni lililotupwa na fundi, na kila mtoto akaenda kusimuliwa kwao namna kisa kinavyosimuliwa kwao. Kuna familia ambazo hazipendi kuchora viumbe, na kwa Waislamu sura za Manabii hazichorwi kabisa. Liheshimiwe hilo. Wanyama wa safina waweza kuwa jozi tu: vizibo viwili vya soda vinavyofanana rangi, makombe mawili ya ufukwe wa Kunduchi, mbegu mbili za ukwaju, majani mawili ya mwarobaini. Kazi ya mtoto ni kutafuta mwenza wa kila kimoja kabla mlango haujafungwa, na hiyo ni hesabu ya jozi pamoja na ya kufananisha.

Lakini kisa cha Nuhu kinahitaji uangalifu Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo kila masika kuna mtoto wa Tandale au wa bonde la Kizinga anayeona maji yakipanda kitandani. Mtoto huyo ukimsimulia gharika kama adhabu atajiuliza kwao walifanya dhambi gani, na hatakuambia; ataanza kulia mawingu yakitanda. Kwa mtoto wa miaka minne kaa ndani ya safina. Nani alilisha wanyama? Walilala wapi? Nani alimfunika tumbili? Mvua ikikatika, jua likitoka, tokeni nje mkatafute upinde wa mvua. Adhabu ina umri wake wa kufundishwa, nao hauko hapa.

Jambo hili la hofu ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote. Tunamtumia Mungu kama bakora ya pili. Mtoto amemwaga uji: Mungu atakuchoma. Amegoma kulala: shetani atakuja kukuchukua. Hata mama mpole, akiwa amechoka na foleni ya Barabara ya Kilwa, maneno hayo yanamtoka. Mtoto hana namna ya kupima. Analichukua neno lilivyo. Ukilisikia jina la Mungu mara tano kwa siku na mara nne kati ya hizo ni kwa sababu ya kosa lako, utamtaka wa nini? Mtoto akimwaga uji, mwambie, "Chukua tambara, mwanangu, tufute pamoja." Jina la Mungu lihifadhiwe kwa ajili ya embe la kwanza la msimu, homa iliyopoa, baba aliyerudi salama, mvua iliyojaza pipa. Anayetaka kumfundisha mtoto kumcha Mungu aanze hapo, kwa kuwa mtoto aliyezoea kushukuru ana cha kupoteza akikosea.

Michezo hii inakwenda sambamba hata na mipango ya serikali. Programu ya Taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja mambo matano ambayo mtoto tangu kuzaliwa mpaka miaka minane lazima ayapate: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio maana yake ni kwamba mtoto akisema kitu, kuna mtu anayemjibu. Ukiyatazama hayo matano, mchezo wa shanga au wa safina unagusa malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali kwa wakati mmoja.

Misimu mikubwa inasaidia sana, kwa sababu nyumba nzima inakuwa upande wa mtoto. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza kwa kupishana siku chache tu, na mtaa mmoja ukaweza kuona nyumba hii inafunga na ile inafunga. Mtoto hafungi, lakini anaweza kuhesabu. Kateni vipande vya karatasi, viunganishwe pete kwa pete mnyororo wa thelathini au wa arobaini, utundikwe juu ya kitanda. Kila jioni inakatwa pete moja, ila kwenye mnyororo wa Kwaresma Jumapili hazihesabiwi. Mwezi ukiandama siku ya ishirini na tisa, ile pete iliyobaki inakatwa kwa shangwe. Chini yake kuwe na kibubu cha kopo la maziwa ya unga, kilichopambwa na mtoto mwenyewe kwa vitambaa alivyopewa na fundi cherehani, na sarafu zinazoingia humo ziende kwa mtu anayemfahamu kwa sura. Akipeleka mwenyewe bakuli la futari kwa jirani Mkristo, au sahani ya pilau ya Pasaka kwa jirani Mwislamu, njiani anabeba kwa mikono miwili bila kumwaga, mlangoni anapiga hodi, anaamkia, "Shikamoo mama, mama amesema karibuni futari." Sadaka, adabu na ujirani amevipata kwa hatua ishirini. Mishumaa ya Majilio na ya Krismasi iwe na miali ya karatasi. Moto wa kweli ubaki juu ya kabati.

Usalama mwingine ni wa kawaida lakini tunausahau. Vizibo, mbegu na shanga havimfai mtoto aliye chini ya miaka mitatu, hasa kama bado anatia kila kitu mdomoni, betri za saa zikae mbali na mtoto wa umri wowote, na maharage yana tabia ya kuingia puani. Chupa na makopo yaliyowahi kuwa na dawa ya mende, mafuta ya taa au spiriti yasiguswe hata yakioshwa mara ngapi.

Swali linalofuata ni la muda. Mama anayetoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo anaondoka mtoto amelala na anarudi mtoto amelala, na simwambii atafute saa mbili ambazo hana. Jumamosi asubuhi mtengeneze kitu kimoja tu. Siku za kazi mtoto anakichezea kilekile, tena na tena, maana watoto wa umri huu wanapenda kurudia kuliko tunavyopenda sisi. Robo saa ya jioni inatosha kwa kaswida moja au pambio moja na kuuliza leo amefanya nini. Simu yenye katuni za dini itasaidia siku ya mvua, ila mtoto anayetazama mikono yake imetulia, na umri huu mikono ikitulia muda mrefu kuna kitu hakijifunzwi.

Bibi akiwepo, una hazina. Mwachie hadithi, usimpangie. Dada wa kazi naye aelezwe vizuri: kaa naye chini, mfanye pamoja ule mchezo mpaka aufurahie, mwoneshe vifaa vinakaa wapi. Mara nyingi ni binti mdogo aliyetoka mbali, na dini yake inaweza kuwa nyingine. Usimtwishe kumfundisha mwanao sala zisizo zake. Shanga, jozi na kokoto anaweza. Sala zisubiri mzazi. Na baba asijitoe. Mtoto wa kiume aliyeona baba yake amekaa chini anabandika karatasi kwa gundi ya unga ataona haya mambo si ya wanawake peke yao, na ataliona hilo mapema kuliko maneno yoyote atakayoambiwa jandoni.

Mambo yakienda vizuri, watoto wa majirani watakuja. Wakaribishe, lakini kwanza waulize wazazi wao, na mtoto wa imani nyingine asifundishwe sala yako kwa siri. Ujirani umevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Watakapofika watoto saba au wanane kila siku, na majirani wakaanza kukupa fedha za uji na za usumbufu, hapo umeshakuwa kituo cha kulelea watoto, ambacho kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 kinatakiwa kusajiliwa. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata yako, akuelekeze kuhusu choo, uzio, maji na idadi ya walezi kabla hujapokea mtoto mwingine.